Nalala Malindi, nasoma Kilifi: maisha ya chuo nitayaonja lini?

BintiShella ameuliza:

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ualimu, masomo ya Kiswahili na Historia. Chuo kiko Kilifi, mimi niko Malindi, mtaa wa Shella, kwa bibi yangu. Sikai hosteli wala sijapanga. Kabla hamjaanza kuniambia "panga chumba", ngojeni nimalize.

Bibi anapika mahamri ya kuuza. Unga tunaukanda usiku, unalala ukiumuka, na alfajiri baada ya swala mimi ndiye wa kusukuma na kukata, yeye anakaa na karai. Mbaazi ni zake peke yake, hapo sigusi, nishaambiwa tui langu ni maji ya kunawia. Ikifika saa kumi na mbili na nusu wateja washaanza kupiga hodi: watoto wa shule, mafundi wa mjengo, na ustadhi mmoja ambaye lazima apewe yaliyoiva sana, karibu kuungua. Mimi naoga, natoka, tuktuk mpaka steji, matatu, nashuka Kilifi. Bibi mguu wake haumruhusu kusimama kwa muda, na mimi ndiye niliyebaki naye. Kwa hiyo kuhama hakumo.

Sasa shida yangu. Kila kitu kitamu chuoni huanza mimi nikiwa njiani kurudi. Mazoezi ya kuigiza ni saa kumi na mbili jioni. Mdahalo saa moja usiku. Usiku wa utamaduni, jina lenyewe lishasema. Ramadhani iliyopita jumuiya ya wanafunzi Waislamu walifuturu pamoja. Picha niliziona kwenye gurupu la WhatsApp matatu ikipita Gede, tende moja mkononi, nangoja adhana kwenye redio ya dereva. Na dereva naye alikuwa ameweka taarabu.

Simlaumu mtu. Wanaokaa hosteli ni wengi na mchana kuna masomo, lazima wakutane usiku. Lakini nimechoka kuwa mtu wa "hujambo" na "kesho". Ijumaa wenzangu wanapanga kwenda ufuoni Bofa, wananiuliza kwa adabu tu, jibu wanalijua. Kuna msichana tumekaa benchi moja muhula mzima, juzi akaniuliza kama mimi ni wa darasa lile au nimekuja kurudia somo.

Disko sitaki, hata ningepewa gari la kunirudisha. Ninachotaka ni kuigiza. Shule ya upili nilikuwa siachi jukwaa, wakitaka bibi kizee mkali naitwa mimi. Na nataka marafiki, wawili watatu, ambao likizo ikifika watanipigia simu.

Je, kuna mtu aliyesoma akitokea nyumbani, Malindi, Watamu, Gede, popote huku, na bado akapata maisha ya chuo? Alifanyaje? Na jingine dogo: gari za jioni mnapandia wapi? Zile za kutoka Mombasa hufika Kilifi zimejaa pomoni, makanga anakuangalia kama hakuoni.

---

KomrediTezo amejibu:

Dada, nimekusoma mpaka mwisho na bado nakwambia: panga chumba.

Mimi niko Tezo, bedsita, choo ndani, maji siku yanapotaka. Nakwambia ukweli ambao hakuna mwingine atakwambia hapa. Mchana wa chuo ni lekcha na foleni ya mesi, basi. Chuo chenyewe ni usiku. Urafiki hushikana saa nne usiku, stima imepotea, mmekaa nje mnabishana nani alikula mkate wa nani. Nani atakujua na wewe kila saa kumi unaangalia saa?

Bibi mtafutie binti wa jirani asukume hayo mahamri, mumlipe kidogo. HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, ikiingia unagawa. Wikendi unarudi nyumbani, Jumapili jioni uko Kilifi. Hata siasa za chuo hazifanywi na mtu wa kulala Malindi. Mimi mwakani nagombea, na kampeni zangu zote ni usiku, mlango kwa mlango.

Na gari: panda tuktuk mpaka mjini, steji, usingoje barabarani. Pale angalau anaposhuka mtu unaona.

---

MamaSalma amejibu:

KomrediTezo, mwanangu, wewe nyumbani uliacha mama kweli? Mtu ameshasema bibi yake hana mtu mwingine, wewe unamwambia "mtafutie binti wa jirani". Na hiyo HELB ikichelewa, huyo binti wa jirani atasukuma kwa imani?

BintiShella, mimi nakaa Maweni na kwa miaka mingi nimekuwa nikienda Kilifi kikazi asubuhi na kurudi jioni. Nakujibu hilo la gari kwanza maana ndilo linalonipa wasiwasi. Kilifi ndiyo makao makuu ya kaunti, na watu wa Malindi wanaofanya kazi huko ni wengi kuliko unavyodhani: makarani, wauguzi, walimu, watu wa mahakama. Wote hurudi jioni. Wana madereva wao waliozoeana nao na wengine wana magurupu yao, dereva anaandika "natoka Mtwapa, viti vitatu", mtu anajibu "niwekee". Ukikaa na mama mmoja wa aina hiyo kwenye gari, mwamkie, mweleze wewe ni nani, atakuingiza. Sisi tukishamjua binti wa mtu hatumwachi barabarani. Usisimame peke yako kando ya lami giza likiingia ati unangoja nafasi, na bodaboda ya usiku ya kukutoa Kilifi hadi Malindi usiithubutu hata wakikupunguzia.

Halafu na hilo la marafiki. Huyo msichana wa benchi moja, mbona humwaliki nyumbani Jumamosi? Mtu wa hosteli anayekula chapati kavu wiki nzima, mbele ya mahamri ya moto na mbaazi, jina lako hatalisahau tena.

---

Kombo_wa_Barani amejibu:

BintiShella, nilisoma hapo Kilifi nikitokea Barani kila asubuhi, ualimu vilevile, na sasa nafundisha. Nitajibu kwa urefu kwa sababu shule zimefungwa na mke wangu amenitoa jikoni.

Kwanza nimpe KomrediTezo haki yake. Zile saa nne za usiku anazozisema zipo na ni tamu, na wewe hutazipata. Usijidanganye kwamba kuna njia ya kuzipata ukilala Shella. Lakini ukishazitoa hizo, hesabu inayobaki ni kubwa, na wengi wa hosteli hawaigusi kabisa. Nina wenzangu waliokaa hosteli miaka minne na walichokijua Kilifi ni kitanda, mesi na mpira wa Ulaya kwenye televisheni ya kibanda.

Sasa sikiliza neno moja: ukatibu. Nenda klabu ya Kiswahili, omba kuwa katibu au hata msaidizi wa katibu. Uenyekiti wanaugombania, na uweka hazina una maneno mengi, lakini kalamu haina mgombea. Kazi ya katibu unaifanya ukiwa kwenye kiti cha matatu, Matsangoni mpaka Gede umemaliza kumbukumbu za kikao. Na jambo ambalo watu hawalitambui ni kwamba katibu ndiye anayeandika mwaliko, na mwaliko una saa. Mimi niliposhika kalamu, vikao vyetu vilikuwa saa moja usiku kwa sababu tu mtu fulani zamani alipendelea hivyo. Nikapitia ratiba za madarasa, nikakuta Jumatano saa saba mchana karibu wote tuko huru. Nikaandika "tujaribu mara moja". Waliokuja walikuwa wengi kuliko wa usiku, maana kumbe na watu wa hosteli jioni wana mpira wao, wana kupika, wana wapenzi wao. Hatukurudi usiku tena.

Klabu ya Kiswahili inakufaa pia kwa sababu ina milango ya nje. Kuna CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, chenye makongamano ambayo vyuo hupokezana uenyeji. Unakutana na Mtanzania na Mganda, mnabishana vitenzi, mnapigana picha. Na kuna tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyoanza kuadhimishwa 2022. Siku kama hiyo hutaka mashairi, igizo fupi, mtu wa kushereheshea, na maandalizi yake yote hufanywa mchana kwenye vyumba vya madarasa.

Kuigiza. Hapa sitakupaka mafuta. Mchezo mkubwa wa watu kumi na tano, wiki za mwisho kabla ya mashindano, hufanyiwa mazoezi usiku na hakuna katibu wa kubadilisha hilo. Lakini tamasha la kitaifa la drama na filamu, ambalo vyuo pia hushiriki, si michezo mirefu peke yake. Kuna mashairi ya mtu mmoja, kuna ngano, kuna vipande vya mhusika mmoja. Hivyo unavifanyia mazoezi ukikata mahamri, na mwelekezi anakuona mchana mara chache kukusahihisha. Mwambie waziwazi: "Usiku siwezi, lakini nipe kipande cha peke yangu na Jumamosi nakuja asubuhi mpaka saa tisa." Mwelekezi yeyote aliyewahi kusumbuliwa na waigizaji wasiotokea mazoezini atakushukuru. Na hao bibi vizee wakali unaowaigiza, si unaye mmoja nyumbani wa kumchunguza?

Siasa pia KomrediTezo amekuuzia bei ya juu. Tangu sheria ya vyuo vikuu irekebishwe 2016, viongozi wa wanafunzi hawachaguliwi moja kwa moja na kila mtu. Idara na vitivo huchagua wajumbe, kisha wajumbe ndio wanaopiga kura ya viongozi. Mjumbe anachaguliwa na watu anaosoma nao mchana. Mtu wa kutokea nyumbani ambaye darasa linamjua kwa kutunza nakala na kutoa habari za mitihani kwa wakati anaweza kuwa mjumbe bila kugonga mlango wa hosteli hata mmoja. Na hapo komredi wetu ndiye atakayekutafuta wewe, tena mchana, tena kwa soda.

Lakini lile ninalotaka ulichukue kuliko yote ni hili. Wewe unadhani umekaa mbali na chuo. Angalia upande wa pili: wenzako ndio waliokaa mbali na Malindi. Wengi wao wametoka Kitui, Kisii, Taita, Bungoma, wamekuja pwani, na pwani wanayoijua ni lango la chuo na Bofa. Wanasoma Historia na hawajaiona Gede! Na Gede unaipita kila siku, asubuhi na jioni. Ni mji wa mawe wa Waswahili katikati ya msitu, msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, makaburi. Liko kaburi lenye tarehe iliyochongwa, 802 Hijria, yaani 1399. James Kirkman alianza kuchimba pale 1948 na wakapata vyombo vya kaure vya Uchina. Wareno walikaa Malindi miaka mingi, hapo jirani tu, na hawakuandika neno juu ya mji ule. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwanafunzi wa Historia aliye mwaka wa kwanza akiambiwa hilo la Wareno akiwa amesimama pale pale, anaanza kubishana mwenyewe bila kusukumwa.

Wapeleke. Kisha uwalete mjini Malindi. Mdahalo wenu wa saa moja usiku darasani mnajadili nini, "maendeleo na vijana"? Hebu ufanyeni kwenye nguzo ya Vasco da Gama, saa nne asubuhi, upepo unavuma. Jamaa alifika Malindi 1498 akitoka Mombasa ambako hakupendwa, mfalme wa hapa akampokea na akapata rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Mada: nguzo ile tunaitunza ya nini? Wa upande wa pili waanzie kwenye sanamu ya Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kupinga Waingereza 1913. Mji mmoja una vyote viwili. Na atokee mmoja aseme kwamba kabla ya Mreno huyo, 1415, Malindi ilishampelekea mfalme wa Uchina twiga. Hapo mtapiga kelele mpaka mvuvi ageuke.

Wa fizikia waambie Ngomeni. Kwenye majukwaa ya Waitaliano baharini ndipo kiliporushwa chombo cha kuchunguza miale ya eksirei angani tarehe 12 Desemba 1970, na kwa sababu ilikuwa sikukuu ya uhuru wetu kikaitwa Uhuru. Pale si mahali pa kupiga hodi tu, panataka ruhusa mapema, lakini hata kulijua ni kitu. Wa biolojia nao wana Kipepeo, mradi ulio papo hapo Gede tangu 1993, wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza mabundo yao ng'ambo, yaani kiwavi kikishajifunga ganda, kabla hakijawa kipepeo.

Mtu wa kuwapeleka watu mahali hasahauliki. Ninaoitana nao mpaka leo ni wale niliowatembeza. Wale niliosikiliza nao lekcha wengine nakutana nao benki tunatazamana tu.

---

BintiShella amejibu:

MamaSalma, shukran sana mamangu. Jana jioni nilifanya ulivyosema, nikakaa na mama mmoja muuguzi, kumbe anamjua bibi na mahamri yake anayanunua. Nishaingizwa kwenye gurupu. Dereva wa kwanza ameandika kwa herufi kubwa kana kwamba anatugombeza.

Kaka Kombo, nimesoma mara mbili. Nina maswali lakini. Ukatibu, mimi wa mwaka wa kwanza? Si watanicheka? Na ziara, basi la chuo litalipwa na nani? Nimesikia klabu moja iliomba basi, ikaambiwa ijaze fomu, na ikijaza fomu ikaambiwa muhula umeisha. Tena mimi nikisimama mbele ya watu bila kuwa ndani ya mchezo, natetemeka. Bibi kizee naweza, mimi mwenyewe siwezi.

KomrediTezo, usinikasirikie. Nikiwa mjumbe nitafikiria kura yangu.

---

KomrediTezo amejibu:

Sijakasirika, nimeshtuka tu. Kombo amenimaliza na hiyo ya 2016. Ni kweli wajumbe ndio wanaopiga kura, lakini hao wajumbe wenyewe usiku wanatafutwa, mwalimu, usifanye kana kwamba hukuwahi kuona.

Halafu mimi ni wa Bungoma. Huu ni mwaka wangu wa tatu na Gede sijaingia. Naipita nikienda Malindi kununua simu.

---

Kombo_wa_Barani amejibu:

Nilijua tu kwamba ni wa Bungoma, hakuna mtu wa pwani anayesema usiku ndio chuo. Kwetu usiku ni wa kulala na kahawa.

BintiShella, wa kucheka watacheka siku ya kwanza. Usiombe cheo. Kaa kikaoni, andika kumbukumbu kwa hiari yako, zitume kwenye gurupu usiku huohuo, safi, zikiwa na majina ya waliopewa kazi na tarehe. Fanya hivyo kikao cha kwanza na cha pili. Cha tatu watakuita katibu wenyewe, na aliyekuwa katibu atakuwa wa kwanza kufurahi.

Basi la chuo lisahau kwa sasa. Fomu ni za watu arobaini. Anza na watu wanane au kumi. Matatu za Kilifi kwenda Malindi zote hupita Gede, kila mtu anajilipia nauli yake, mnashuka steji, magofu si mbali, tuktuk zipo kwa asiyetaka kutembea. Mwombe mlezi wa klabu barua yenye muhuri wa idara, kila mmoja abebe kitambulisho cha chuo, maana makumbusho yana bei tofauti kwa wanafunzi na mwananchi. Malipo siku hizi ni kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa hiyo mwenye simu yenye chaji na bando alipie wote mapema, mkusanyiane kwa M-Pesa. Usikubali "nitakulipa tukifika". Ukikubali, utaona watu wazima wanakagua vidole vyao.

Na la kutetemeka: si lazima uhutubie. Omba mwongozaji wa pale azungumze. Wewe kazi yako ni kuhesabu vichwa na kujua maji yanauzwa wapi. Ukitaka kusema, ingia kwenye mchezo. Simama kisimani kama bibi kizee wa Gede wa mwaka 1399, uwagombeze kwa kuchelewa.

---

MwanaMida amejibu:

Nimepita tu, mimi niko mwaka wa tatu, masomo ya mazingira, nyumbani ni Dabaso. Kombo ameruka kitu kizuri kuliko vyote hapo karibu: Mida. Kutoka Gede ni hatua kidogo, mkono wa bahari wenye mikoko, na kuna daraja la mbao la kutembea juu ya mikoko mpaka kwenye maji.

Ila angalieni maji, maana hapa ndipo watu wa bara huharibikiwa. Mkienda maji yamejaa mtaona mikoko na maji, basi. Nendeni maji yakitoka, ndege wako wazi kwenye matope, wakila. Kuanzia Septemba hivi mpaka Aprili kuna wageni kutoka Ulaya na Asia waliokimbia baridi, kundi kwa kundi. Siku za bamvua maji hutoka sana na kurudi kwa kasi, siku za maji mafu hayana haraka. Muulize mvuvi yeyote, au mimi, msitegemee hali ya hewa ya simu. Viatu vya kuingia matopeni viwe vya zamani. Mwaka juzi dada mmoja alikuja na raba nyeupe, alirudi na moja.

Wakati mwingine kuna kupanda mikoko, na huko siku zote wanataka mikono. Ni asubuhi, si usiku. Watu wa kutokea nyumbani tuko wengi huko kuliko wa hosteli, kwa taarifa yako BintiShella. Kumbe tuko, hatujuani tu. Tufungue gurupu la "walalao nyumbani"? Nahesabu wa Watamu, Gede, Matsangoni na wewe wa Malindi.

---

BintiShella amejibu:

Ndugu zangu, mrejesho kidogo.

Kikaoni nilikwenda, nikaandika kumbukumbu, nikazituma kabla gari halijafika Msabaha. Mwenyekiti amejibu kwa kidole gumba tu, lakini mlezi aliandika "nani huyu?" Sijui kama ni sifa au ni kosa, nimeamua ni sifa.

Yule msichana wa benchi anaitwa jina ambalo nami sikulijua, tumeshtuka wote wawili. Amekuja Jumamosi. Bibi amemweka kwenye kibao cha mbuzi akune nazi, eti mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na yeye akaishia kupewa jembe siku ya kwanza. Amekula mahamri mpaka akaomba maji. Wa Kitui, hajawahi kuona mbaazi zikipikwa kwa nazi, anasema kwao mbaazi ni chakula cha maana lakini hakina mbwembwe hizi. Bibi amemuuliza mara kadhaa atarudi lini.

MwanaMida, gurupu lifungue, niweke. Kuigiza bado. Mwelekezi amesema atanisikiliza Alhamisi saa saba, kipande cha dakika tano. Sijalala vizuri tangu aliponiambia.

Gede tumeafikiana Jumamosi ya wiki ijayo, mpaka sasa ni watu tisa, na KomrediTezo amelipa wa kwanza kwa M-Pesa, nakiri hilo sikulitarajia. MwanaMida anasema maji ya Mida siku hiyo yatatoka mchana, kwa hiyo Gede asubuhi, Mida baadaye. Barua ya mlezi ninayo. Nimewaandikia tukutane steji ya Gede saa tatu asubuhi. Kaka Kombo, hapo kuna nililosahau?

---

Kombo_wa_Barani amejibu:

Saa. Watu wa hosteli hao. Andika saa mbili, watafika saa tatu unusu.